Nukta Tatu kwenye Distribyuta

Masasi, 14 Januari 2025

Mwanangu Marietha,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama yako mkubwa Jovina magoti yanamsumbua, lakini kanisani haachi kwenda, na akirudi anatutajia wote ambao hawakuonekana. Kaka yako Petro ameuza korosho zake na kununua pikipiki ambayo hakuihitaji. Tumepata paroko mpya, kijana, anahubiri kwa kunong'ona kama mtu anayeiba kuku. Watu wa siku hizi hawafungui midomo. Mpe mama yako Rosalia pole ya presha, na umwambie chumvi aiache mezani kwa ajili ya wageni.

Petro amenionyesha ujumbe wako, kwamba pikapu ya marehemu baba yako inagonga ikibeba mzigo, na kwamba fundi Bakari wa hapo Kibada anataka kuifungua injini. Unauliza pia kwa nini sipokei simu. Sipokei kwa sababu simu ni chombo cha watu wanaosema kwanza na kufikiri baadaye. Andika. Mpe bahasha kondakta wa basi la Masasi, Petro ataichukua stendi. Miaka thelathini na mmoja niliyofundisha chuo cha ufundi, mwanafunzi aliyeniletea gari bovu nilimwambia kwanza auandike ugonjwa wake kwenye karatasi. Nusu yao walipata jibu kabla ya kumaliza kuandika. Nusu nyingine ndio hao mafundi mnaowapelekea magari huko Dar.

Huyo Bakari simjui, na kwa hayo uliyoyaeleza sina hamu ya kumjua. Fundi anayesikia mlio akakimbilia kushusha injini ni sawa na mganga anayempasua tumbo kila anayekohoa. Kugonga kuko kwa aina nyingi. Kabla mtu hajashika spana, anatakiwa ajibiwe maswali matatu, na wewe utanijibu. Je, inagonga ikiwa imesimama, au inapopanda na mzigo tu? Ukiondoa mguu kwenye mafuta, sauti inakatika papo hapo au inaendelea? Na ukiizima ikiwa ya moto, kuiwasha tena kukoje?

La nne si swali, ni amri. Agosti ya mwaka juzi, siku nne kabla sijahama Kibamba kuja huku, niliiweka taimingi ya gari hilo, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, kwa mkono wangu na kwa sikio langu. Niliiacha inaimba. Kama leo inagonga, kuna mjinga ameigusa. Nataka jina lake.

Baba yako mkubwa,
Gervas


Kibada, Kigamboni, 2 Februari 2025

Baba mkubwa, shikamoo.

Milele Amina. Mama anaendelea vizuri, chumvi ameacha kwa siku tatu, ya nne akasema chakula kimekuwa kama cha hospitali. Kwaya tumeanza mazoezi ya Kwaresima. Mie sijambo ila gari ndilo linalonikosesha raha, na ukimwambia mtu gari linaumwa anakucheka.

Majibu yako haya. Ikisimama haigongi. Barabara tambarare haigongi, au inagonga kidogo sana. Nikiibebesha makabati na kuanza kupanda daraja la Kigamboni, ndipo inaanza, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo la maziwa. Nikiondoa mguu inakatika hapo hapo. Na ikiwa ya moto, kuwasha ni shughuli: stata inakwama, inarudi nyuma kwa kishindo, halafu ndiyo inashika. Joto nalo linapanda.

Nimemsomea Bakari maneno yako, yale ya mganga nikayaruka. Akafuta mikono, akaniambia:

"Sista, hiyo beringi. Tunashusha injini, wiki moja tu umeondoka."

"Wiki ya Mungu au wiki ya fundi?"

"We unacheka. Pistoni ikitoboka utakuja hapa unalia."

"Baba yangu Masasi amesema isifunguliwe."

"Masasi! Toka Masasi mpaka Kigamboni anasikia vipi huyo mzee?"

Kwa hiyo nimerekodi sauti na kumtumia kaka Petro kwenye simu yake, ili uisikie mwenyewe.

Baba, sina muda mrefu. Unamkumbuka Kasimiri, seremala wa Keko? Tangu baba afariki ndiye anayenipa kazi, nabeba makabati na vitanda vyake kuleta kwenye nyumba mpya za huku. Sasa hivi daraja nimeliogopa, napanga foleni ya kivuko, safari ya saa moja inakula nusu siku. Kasimiri ameniambia kwa upole, lakini ameniambia: kufika Pasaka kama bado nazungukia kivuko, kazi anampa mwenye lori la Fuso. Injini ikifunguliwa, hata hiyo Pasaka siifikii.

Kuhusu mjinga: tangu uondoke imebadilishwa oili na plagi, basi. Sijui nikupe jina gani.

Mwanao,
Marietha


Masasi, 20 Februari 2025

Mwanangu Marietha,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama yako mkubwa amenunua kuku sita na kuwapa majina ya wanakwaya wenzake. Amekuwa na tabia ya kupiga kelele akiongea nami, kana kwamba niko ng'ambo ya mto. Nimemwambia uzee si sababu ya kukosa adabu. Paroko bado ananong'ona.

Majibu yako ni mazuri. Umeandika vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi wenye vyeti vilivyotundikwa ukutani. Sasa mwambie Bakari hivi, na umwambie polepole, kwa sababu nahisi ni mtu wa kuambiwa polepole. Beringi iliyokufa haina heshima. Inagonga ukipanda, inagonga ukishuka, na ukiondoa mguu inakugongea zaidi. Sauti inayokuja na mzigo na kukatika pale unapoachia mafuta si chuma kinachocheza. Ni moto unaowaka wakati usio wake.

Nakueleza. Petroli na hewa ndani ya silinda havilipuki kama baruti, vinawaka, na kuwaka kunahitaji muda. Kwa hiyo plagi hutoa cheche mapema kidogo, pistoni ikiwa haijafika juu, ili moto utakapokomaa pistoni iwe ndiyo kwanza inaanza kushuka, isukumwe. Cheche ikitangulia mno, moto unakomaa pistoni bado inapanda, nayo inapigwa usoni. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea wakati bado anakujia: mkono utaumia, na mtoto ataumia. Ndiyo maana stata yako inarudishwa nyuma. Ndiyo maana joto linapanda. Na Bakari amesema neno moja la kweli, kwa bahati mbaya yake: pistoni inaweza kutoboka. Usipande daraja na mzigo mpaka nitakapokuambia.

Cha kuuliza ni kwa nini cheche inatangulia. Petroli mbovu huleta sauti ya namna hiyo hata taimingi ikiwa sawa, kwa hiyo acha kununua ya kwenye madumu. Plagi za joto lisilofaa nazo huleta. Zitoe zote nne, uziangalie ile kauri nyeupe kwenye mwanga wa jua, uniandikie rangi yake.

Na huyo Bakari anayeuliza nasikia vipi toka Masasi, mjibu hivi: nimeisikiliza rekodi yako mara tatu, simu ikiwa sikioni. Kugonga kuko wazi kabisa, na kunatoka silinda ya tatu. Sikio lililofundishwa halihitaji kuwa Kigamboni.

Jina la mjinga bado sijalipata. Plagi alibadilisha nani? Anza na huyo.

Gervas


Kibada, 9 Machi 2025

Baba mkubwa, shikamoo.

Milele Amina. Sie huku wazima. Bakari yuko kwenye mfungo, hana nguvu ya kubishana, kwa hiyo huu ndio mwezi mzuri wa kufanya naye kazi. Mama anasema akiwepo kuku mwenye jina lake asichinjwe.

Plagi nilibadilisha mie mwenyewe, baba. Ulinifundisha wewe, pale uani kwenu Kibamba, nilikuwa darasa la sita. Kwa hiyo kama ni mjinga, andika jina langu.

Nimezitoa zote. Kauri ni nyeupe sana, na juu yake kuna vidoa vidogo vyeusi kama mtu amenyunyizia pilipili manga. Ziko hivyo zote nne, sawasawa. Ya tatu haina tofauti na nyingine. Petroli nimekwenda kujaza kituoni, tangi zima. Bado inagonga.

Kuhusu ile rekodi, baba, naomba tuiache. Rekodi za simu hazina maana.

Nina ombi. Mie sikio sina. Wewe na marehemu baba mlikuwa mnasimama kwenye injini mnasema "sikia hapo," mie nasikia mashine tu. Nifundishe njia ya macho. Njia ambayo hata kiziwi angeweza kuifanya na akapata jibu sahihi. Bakari ana taa ya taimingi kwenye sanduku lake, aliirithi, hajawahi kuitumia, anaipangusa tu vumbi. Amekubali kuniazima. Nimekwisha kusafisha kote kwa dizeli kuzunguka distribyuta, ile inayogawa cheche kwa plagi, ili nilione utakaloniambia. Ile boliti ya kuibana ilikuwa imefunikwa na rangi nyekundu ngumu, nimeikwangua kwa kisu ili spana ikae. Sijailegeza. Nasubiri barua yako.

Pasaka ni tarehe 20 Aprili. Kasimiri amekwisha kumwita mwenye Fuso kuja kuangalia makabati.

Marietha


Masasi, 6 Aprili 2025

Mwanangu Marietha,

Tumsifu Yesu Kristo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua imekata barabara. Kuku wawili wamekufa, wa sauti ya kwanza na wa sauti ya tatu.

Umeomba njia ya macho. Ndiyo niliyokuwa nikiifundisha darasani kwa miaka yote. Ifuate bila kuruka hatua, na Bakari asimame upande wa pili wa gari, mikono nyuma.

Mbele ya injini, chini, kuna puli inayozungushwa na krenki, ule mhimili unaosukumwa na pistoni. Ukingoni mwake kuna mfuo mdogo, alama iliyochongwa. Juu ya mfuo huo, kwenye kifuniko, kuna kipimo chenye namba. Safisha vyote viwili, uupake mfuo chaki nyeupe. Washa injini mpaka ipate joto lake la kawaida, kisha ngurumo iwe ya chini, ya kusimama. Kwenye distribyuta kuna mpira mwembamba unaokwenda kwenye kabureta. Uchomoe na uuzibe kwa skrubu, maana huo nao huitanguliza cheche na utakudanganya. Taa ina waya tatu: mbili za betri, moja unaibana kwenye waya wa plagi ya kwanza. Kila cheche ikitoka, taa inamulika. Uielekeze kwenye puli. Ile chaki inazunguka mara mia kadhaa kwa dakika lakini utaiona imesimama kimya kwenye namba fulani. Hiyo namba ndiyo ukweli. Usivae khanga wala mtandio. Feni haina huruma.

Kitabu cha gari lako kinataka digrii nane kabla ya kilele, yaani kabla pistoni haijafika juu kabisa. Namba ikiwa kubwa kuliko hiyo, cheche inatangulia. Legeza boliti kidogo tu, ushike distribyuta, uigeuze kufuata upande ambao rota ya ndani yake inazungukia, kwa unene wa ukucha, uangalie taa, ugeuze tena. Chaki ikifika nane, kaza. Rudisha mpira. Panda daraja na gari tupu, kisha na nusu mzigo, kisha mzigo mzima.

Lakini kabla hujalegeza chochote, angalia jambo moja. Nilipoiweka taimingi niligonga nukta tatu kwa patasi ya ncha: mbili kwenye shingo ya distribyuta, moja kwenye chuma cha injini chini yake, katikati ya zile mbili. Ndiyo sahihi yangu, kila gari nililolitengeneza linayo. Nukta ya chini ikiwa bado iko katikati ya zile mbili, haijaguswa. Ikiwa imepotea upande, kuna mjinga. Niandikie ilivyo.

Mjinga huyo, awe nani, hakustahili kukabidhiwa hata baiskeli. Mtu anayesogeza cheche mbele mpaka injini inajipiga yenyewe usoni, kisha akafunga boneti akaondoka kifua mbele, huyo hana tofauti na mwizi. Mwizi angalau anajua amefanya nini.

Gervas


Kibada, 15 Aprili 2025

Baba mkubwa, shikamoo, na heri ya Juma Kuu.

Milele Amina. Barua yako nimeipata tarehe 9. Mabasi ya Masasi nilikuwa nayaona kila siku Mbagala, yamejaa matope lakini yanakuja. Nashukuru barabara imefunguka hata kwako.

Jumamosi asubuhi tumefanya. Mie nimevaa suruali ya Petro aliyoiacha hapa. Bakari alisimama upande wa pili, mikono nyuma kweli, nilimsomea sehemu hiyo. Nikamulika puli. Chaki ilisimama kama ulivyosema, kama imepigwa picha.

"Ngapi?" Bakari akauliza.

"Ishirini na mbili."

"Acha utani."

"Njoo uone."

Akaja, akainama, akaitazama chaki. "Mie ningeshusha injini ya watu," akasema. Halafu: "Mwambie mzee wako namsalimu. Mwambie na hii taa naanza kuitumia."

Nimegeuza kwa unene wa ukucha, mara saba. Nimeifikisha nane, nikakaza. Ilipowaka tena ikiwa ya moto, stata ilishika mara moja. Jumapili ya Matawi baada ya misa nikaipandisha daraja tupu. Jana nusu mzigo. Leo makabati manne ya mninga ya Kasimiri, yale ya milango mitatu, na vijana wake wawili juu wakinishangilia. Gia namba tatu mpaka juu, mguu wote kwenye mafuta. Hakuna msumari, hakuna kopo. Kasimiri amesema mwenye Fuso arudi kwao.

Kuhusu nukta: zilikuwa zimeachana, baba. Ile ya chini ilikuwa imepotea upande kabisa. Kuna mjinga aliigusa, sitamjua. Dar watu ni wengi. Tumsamehe, ni Pasaka.

Mwanao anayekushukuru,
Marietha


Masasi, 4 Mei 2025

Mwanangu Marietha,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama yako mkubwa anakusalimu, na safari hii sikumwambia apunguze sauti.

Hongera. Umefanya kazi safi. Mpe Bakari salamu zangu. Mtu anayeinama kuangalia na kusema "ningekosea" bado anafundishika, na wengi niliowapa vyeti hawakuwahi kusema hivyo.

Sasa nikusahihishe, kwa sababu kazi ya mwalimu haiishi. Umeandika kwamba nukta ziliachana. Lakini tarehe 9 Machi uliandika kwamba boliti ilikuwa imefunikwa na kitu chekundu kigumu, ukakikwangua kwa kisu. Ile ni rangi ya kucha ya mama yako. Nilimwomba ile chupa siku ile ile ya Agosti na kuidondoshea juu ya boliti, ili atakayeilegeza aipasue nami nijue. Haikupasuliwa na mtu mpaka kisu chako kilipofika. Na chini ya boliti iliyofungwa, distribyuta haigeuki. Nukta zangu zilikuwa mahali pake hasa. Wewe uliziona, ukaamua kunihurumia. Uongo wako ni mbovu kuliko ufundi wa Bakari wa Januari.

Mvua haikukata barabara. Barua yako ilifika tarehe 13 Machi, na mstari ule wa rangi nyekundu niliuelewa nikiwa nimesimama bado mlangoni. Nilikaa nao wiki tatu. Kisha nikakuandikia kuhusu nukta nikiwa nimekwisha kujua jibu, nikitumaini kwamba kwa muujiza fulani chuma kimenionea huruma. Matusi niliyoyaandika kumhusu yule mjinga niliyaandika nikimjua. Nilitaka kuona kama yanamtosha. Hayamtoshi.

Na Petro jana amesema. Nilimuuliza kuhusu rekodi akatazama chini, nikamlazimisha aandike kwenye karatasi. Ameandika kwamba ulikosea kubonyeza, kwamba rekodi ile ilikuwa ya kwaya yenu mkijifunza wimbo wa Kwaresima, na kwamba ulimwomba asiniambie. Nami nikaisikiliza mara tatu, nikakuandikia ni silinda ya tatu.

Basi paroko hanong'oni. Jovina hapigi kelele bila sababu. Na simu sipokei kwa sababu nikiipokea nasikia upepo. Ilianza kabla sijastaafu. Kwanza ndege, halafu wanafunzi wa nyuma, nikawaambia wafungue midomo.

Siku ile ya Agosti tulikwenda kupanda mlima wa Kibamba, mimi nikiendesha na wewe ukiwa pembeni yangu. Njia yangu niliwakataza wanafunzi wote na nikajiruhusu mwenyewe: unasogeza cheche mbele mpaka injini isikike ikigonga mlimani, halafu unairudisha kidogo. Nikasogeza, sikusikia. Nikasimama, nikafungua boneti, nikasogeza tena, sikusikia. Nikasema moyoni, injini hii ya mdogo wangu Albano ni nzuri ajabu. Nikagonga nukta zangu tatu kwa majivuno. Taa ya taimingi ilikuwa kwenye sanduku langu nyuma ya kiti, sikuigusa, kwa sababu taa ni ya wanafunzi.

Kama ungeendelea kubeba mizigo, ningekuwa nimeitoboa pistoni ya gari la mdogo wangu, na kukunyang'anya riziki yako, nikiwa nimeketi Masasi nadai jina la mjinga.

Nakumbuka ulisema kitu pale mlimani. Midomo yako ilicheza. Nilijibu neno, sikumbuki nini, sikuuliza ulichosema. Niandikie ulisema nini. Na zile nukta zangu zifute kwa tupa, gonga zako.

Gervas


Kibada, 18 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Milele Amina. Mama hajambo. Anasema ile rangi ya kucha anakudai chupa nzima, mtaelewana.

Mie niko barabarani kila siku, Keko, daraja, Kibada, na nikifika juu ya daraja bado nazima redio nisikilize. Hakuna kitu.

Umeuliza nilisema nini pale Kibamba. Nilisema, "Baba, inagonga."

Ukanijibu, "Ndiyo, mwanangu, inaimba."

Wewe ndiye uliyenifundisha hata plagi ni nini. Nikajiambia kama mwalimu anasema ni wimbo, basi sikio bovu ni langu. Miezi yote ile barabara ya tambarare nikaisikia kidogo kidogo nikaiita wimbo. Kwa hiyo ukitafuta wajinga, tuko wawili, na mie nilikuwa na masikio.

Nisingeweza kuliandika hilo Januari. Ndiyo maana niliomba njia ya kiziwi. Nilitaka tuifanye sote wawili.

Tupa sijaigusa. Nukta zako tatu ziko pale pale. Pembeni yake, upana wa vidole viwili, nimegonga yangu moja, na nimeifunika boliti kwa rangi ya kucha, ya buluu safari hii, nyekundu imekwisha. Bakari alipoona akasema fundi mwingine akifungua boneti hii siku moja atacheka, atauliza ni mjinga gani aliyeziweka zile tatu.

Nimemwambia akiuliza ataambiwa ni za baba yangu, na kwamba achunge mdomo wake.

Mwezi wa sita nakuja Masasi na pikapu. Utakaa pembeni yangu, tutapanda mlima, uweke kiganja juu ya dashibodi uniambie inavyokwenda.

Mwanao,
Marietha